Kiti cha Mbele Kiliruka Kitupu

Kijiwe chetu kinaitwa Tumboni, na jina hilo halikushuka mbinguni. Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliokalia mawe mawili, nje ya uzio wa uwanja wa ndege wa Mwanza, upande wa ziwani, pale ndege zinapopita chini kabisa zikiitafuta lami. Ukikaa pale huoni ndege, unaona tumbo la ndege: matairi, taa, halafu kishindo kinachotikisa kahawa kwenye kikombe. Kahawa yenyewe anapika Suzana, mwanamke wa Ukerewe, kwa mafiga matatu na kuni, kwenye birika alilorithi kwa shangazi yake. Miaka kumi na minne anatumiminia. Nataka niwaambie habari ya Jumanne moja, na naomba msicheke mapema, kwa sababu kwenye habari hii mjinga mkubwa ni mimi.

Tulikuwa wanne. Mkubwa wetu ni Gia Tano, mzee Odoyo, Mjaluo wa Rorya, dereva wa basi mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba amestaafu. Tani Mbili ni Mhoja, dalali wa ng'ombe wa kule Buhongwa. Mwili wake ndio jina lake. Katekista ni Antoni, kinyozi wa Kiseke. Aliwahi kufundisha watoto wa komunio ya kwanza kwa miezi mitatu, miaka hiyo, na hadi leo hajaacha kuhubiri. Mimi naitwa Obedi, fundi simu, lakini pale jina langu ni Rada. Simu yangu ina ramani inayoonyesha kila ndege iliyoko angani na inakoelekea, na kila nikipata bando natazama zile video za marubani, kamera imefungwa mbele, unaona kila wanachokiona wao.

Saa moja na nusu asubuhi Suzana alifika na birika lake kichwani. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya kufunika, na kilemba kimefungwa kwa pini.

Tani Mbili: Mwangaluka, dada! Mbona Jumanne umevaa Jumapili? Nani anaoa?

Suzana: Mwangaluka. Haoi mtu. Shikamoo mzee Odoyo.

Gia Tano: Marahaba, binti yangu. Sema basi, tusife na presha.

Suzana: Leo napanda ndege.

Tukacheka. Tani Mbili alicheka mpaka benchi likainuka upande wa Katekista. Suzana hakucheka. Alipanga kuni zake, akapuliza moto, moshi ukapanda, akaweka birika. Kisha akatueleza akiwa ametupa mgongo.

Kuna rubani mmoja, Kapteni Nestory, anarusha ndege ndogo ya injini moja, ile inayopeleka wageni mbugani. Kwetu hajawahi kukaa hata siku moja. Suzana ndiye humpelekea kahawa getini kila asubuhi, chupa moja ya chai iliyojaa, kwa miaka sita sasa. Huyo Nestory amehamishwa. Jumanne hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho kutoka Mwanza: anakwenda Musoma bila abiria, anachukua wageni, anarudi. Ndege ile ina viti viwili mbele, cha kwake na cha kulia kwake, na cha kulia hakina mtu. Amemwambia Suzana aje akikalie. Jina limeshaandikwa kwenye orodha. Anatakiwa getini saa tatu na nusu, na kitambulisho chake mkononi.

Suzana: Nikimaliza birika naondoka.

Hapo lazima niwaeleze jambo, maana ndilo lililotuponza. Suzana ana mwiko wa shangazi yake. Kahawa haimwagwi chini, na muuzaji haondoki kijiweni birika likiwa bado na kahawa. Ukiondoka na kahawa umewanyima watu, ukiimwaga umewatukana. Kwa hiyo yeye humimina mpaka tone la mwisho, siku zote, na kwa kawaida saa tatu kamili birika limekauka. Na birika hilo haliguswi na mtu mwingine. Mwaka fulani Tani Mbili alijimiminia mwenyewe, akaliangusha kwenye moto, tukakaa wiki nzima tunakunywa maji. Tangu siku ile tulikula kiapo, mkono wa mwanamume haugusi birika.

Basi akaanza kumimina. Vikombe vinne, raundi ya kwanza. Siku ya kawaida raundi ya kwanza tunaimaliza kabla hatujasalimiana vizuri. Siku hiyo kila mtu alishika kikombe chake, akakiweka chini, akafungua mdomo.

Gia Tano: Binti yangu, mimi nimeendesha basi miaka thelathini na moja, Mwanza Sirari, Sirari Mwanza. Kiti cha pembeni ya dereva nakijua. Kile hakikaliwi bure.

Suzana: Nauli amesema hakuna, mzee.

Gia Tano: Sizungumzii nauli! Yule anayekaa pale kazi yake ni kumpigisha dereva stori asisinzie. Rubani barabara yake haina kona, haina tuta, haina trafiki. Atasinzia tu, omera, ndugu zangu! Ndiyo maana amekutafuta wewe. Sasa jiulize, una stori za kutoka hapa mpaka Musoma?

Katekista: Na kurudi.

Gia Tano: Na kurudi! Ukiishiwa maneno juu ya ziwa, mnashuka wote na samaki.

Suzana alitabasamu kidogo. Akaangalia vikombe vyetu. Vilikuwa vimejaa.

Suzana: Kunyweni basi, inapoa.

Tani Mbili: Tutakunywa. Haraka haraka haina baraka. Mzee, hujakosea, ila hujafika. Mimi nawajua hawa watu wa ndege. Nilimpeleka mteja wangu pale siku moja, nikaona wanapima watu kwenye mizani. Watu, nasema! Kama mnadani! Sasa ndege ikienda tupu pua yake inakuwa nyepesi, inanyanyuka yenyewe. Lazima waweke kitu kizito mbele.

Katekista: Unamaanisha nini?

Tani Mbili: Namaanisha dada hakuitwa kwa kupendwa. Ameitwa kwa kilo zake.

Tulicheka tena. Suzana ni mwanamke mwenye mwili, na anajua, na siku zote tukimtania hutujibu kwa tusi tamu ambalo siwezi kuliandika hapa. Asubuhi ile hakujibu. Alishusha mkono akaweka kitenge sawa kiunoni. Nililiona hilo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, na sikusema kitu.

Suzana: Mhoja, wewe ungeitwa wangehitaji ndege mbili. Kunywa kahawa.

Tani Mbili: Ndiyo maana sijaitwa! Wananiogopa!

Akanywa nusu, akaweka chini. Saa mbili na robo.

Katekista: Jamani, mnaongea mambo ya mwili tu. Tuongee ya roho. Aliyepelekwa juu ya mlima mrefu sana akaonyeshwa milki zote za dunia, ni nani?

Gia Tano: Bwana Yesu.

Katekista: Na aliyempeleka?

Tukatazamana.

Katekista: Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu nani alimpeleka.

Suzana: Antoni! Sasa Kapteni Nestory ndiye shetani? Mtu anayekunywa kahawa bila sukari na kushukuru?

Katekista: Simo huko. Nasema kutazama kutoka mbele, kutoka juu, ni majaribu. Wa nyuma anaona bawa na wingu, anashuka salama. Wa mbele anaona vyote. Nyumba zinakuwa viberiti. Watu sisimizi. Ukishatuona hivyo, dada, kesho utatumiminia kahawa kwa macho gani? Aliye juu mngoje chini.

Tani Mbili: Amina.

Hayo maneno ya Katekista yalikuwa ya kipuuzi, lakini mimi yalinichoma, na niseme kwa nini.

Jumamosi iliyotangulia Suzana alikuja kwenye meza yangu ya ufundi kubadilisha kioo cha simu. Nilikuwa natazama video. Ilikuwa ndege inatua Mwanza kutokea ziwani, imepigwa kutoka kwenye kile chumba cha mbele. Nikampa atazame. Sijui kama mmewahi kuona kitu kama hicho. Mwanzo kuna maji tu. Halafu yanatokea mawe yetu, yale makubwa ya ufukweni, halafu nyumba zilizobanana mlimani, halafu mbele kabisa kistari chembamba cha kijivu ambacho hukijali. Kistari kile kinakuja. Hakina haraka. Kinakuwa utepe, kinakuwa barabara, kinakuwa kipana kuliko dunia yote, na vidole vya rubani viko pale pembeni vinagusa usukani kidogo tu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Mimi nimeitazama hiyo zaidi ya mara mia na bado nywele zinasimama. Nimekaa chini ya ndege maisha yangu yote lakini nimetua Mwanza kila siku.

Suzana aliitazama mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

– Sisi tuko wapi hapo, Obedi?

Nikarudisha nyuma. Kabla ya uzio, nusu sekunde hivi, kuna kitu cheupe kinapita chini ya kioo. Akataka nirudie. Nikarudia. Nilirudia mara kumi na moja.

– Huu ni moshi wangu?

– Inawezekana, dada. Au ni nguo imeanikwa.

– Miaka kumi na minne naona matumbo yao. Wao wananiona nini? Siku moja nikikaa hapo mbele nikajiona nilipo, mimi nitaridhika.

Aliniambia mimi peke yangu. Hakuwaambia wale wengine, kwa sababu wangemcheka.

Na mimi? Miaka sita nilikuwa namtuma kwa Nestory. Kila mwezi, dada, niulizie kama kuna nafasi, hata ya kwenda Ukerewe na kurudi, hata ya kukaa tu kwenye kile kiti ndege ikiwa imesimama. Alikuwa akiuliza kweli, jibu linakuja hamna. Kisha Jumanne hiyo kiti kinapatikana, anapewa yeye. Asiyejua hata kile kisaa cha katikati kinaonyesha nini. Nilikaa pale nikiwa na kikombe cha moto mkononi na wivu umenijaa mpaka shingoni. Ndiyo, nimesema. Wivu. Mwanamume mzima.

Saa mbili na nusu akanigeukia.

Suzana: Rada, wewe ndiye mjuzi. Hebu niambie, pale nitakaa vipi? Kuna kitu cha kuogopa?

Jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia: utafunga mkanda, utaweka mikono mapajani, utapewa vile vya masikioni, na Kapteni atakuonyesha kila kitu. Ukipita juu yetu tazama chini upande wako wa kulia, usipepese. Maneno matatu manne. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na ujuzi wangu ulikuwa umekaa muda mrefu bila kazi.

Mimi: Mbele yako kuna usukani wa pili.

Suzana: Wa nini?

Mimi: Umeungana na wake. Unacheza wenyewe, unakuja kifuani kwako, unarudi. Miguuni kuna pedali, nazo zinacheza zenyewe. Vitufe sasa... vitufe usiseme. Juu ya kichwa, mbele, pembeni. Kiwiko kikiteleza tu kikagusa kimoja...

Suzana: Kikigusa?

Mimi: Basi tena.

Gia Tano: Si niliwaambia! Kumbe kuna na pedali! Kwa hiyo anakuwa dereva wa akiba!

Tani Mbili: Na akipiga chafya?

Mimi: Asipige chafya.

Tukaingia humo. Jamani, tuliingia humo kweli kweli. Gia Tano alisimama akaonyesha jinsi usukani wa akiba unavyomvuta mtu, akatumia fimbo yake. Akatoa mpya, kwamba ndege zote zina kiti cha tatu kilichofichwa, ambako anakaa rubani wa kweli, na hao tunaowaona mbele ni wa kupungia watu mikono. Tani Mbili akasema ndege isiyo na abiria haiwezi kusimama Musoma hata ikitaka, kwa wepesi wake inapitiliza, inakwenda kutua Kenya, na dada hana pasipoti. Katekista akauliza maiti ya Mtanzania huko Kenya huombewa kwa Kiswahili cha wapi. Mimi nikasahihisha kila mmoja kwa takwimu ambazo nyingine nilizitunga pale pale. Sijawahi kusikilizwa vile. Hata wapita njia wawili walisimama.

Suzana alizunguka na birika.

Suzana: Naongeza?

Gia Tano: Bado, binti, bado ipo.

Suzana: Antoni?

Katekista: Subira huvuta heri.

Suzana: Obedi?

Kikombe changu kilikuwa na funda moja chini. Niliweka kiganja juu yake, hivi, kama mtu aliyeshiba. Mniulize kwa nini. Sikuwa nimeshiba. Nilijua kabisa birika halijafika nusu, na nilijua saa, maana saa ya kijiwe ni mimi. Ndege zote naziona kwenye simu. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

Alirudi mafigani akakaa kwenye kigoda chake. Nikamwona anatikisa birika kidogo karibu na sikio, anasikiliza kilichobaki. Akatoa kitambulisho kwenye pindo la kanga ya ndani, akakitazama, akakirudisha. Miguu yake katika vile viatu ilikuwa imeelekea barabarani.

Suzana: Jamani, naomba mnywe. Mnanichelewesha.

Alisema hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi. Na sisi tulisikia.

Tani Mbili: Sasa dada, umeniacha njia panda. Hiyo ndege ikirudi na wageni, wewe utakaa wapi?

Suzana: Pale pale mbele. Amesema wageni ni wa nyuma.

Tani Mbili: Wazungu wakae nyuma ya muuza kahawa? Ee bwana wee! Wamelipa dola hao!

Gia Tano: Hapo umenena. Watamshusha Musoma. Arudi kwa basi.

Mimi: Basi la Musoma zuri lakini.

Gia Tano: Lile la saa saba? Lile silipendi. Gia boksi yake...

Na tukaingia kwenye gia boksi.

Mwanamume mmoja tu kati yetu angenyanyuka akasema, dada, nenda, tutamimina wenyewe, kiapo kitatusamehe. Au angenyanyua kikombe, akanywa, akasema ongeza, akanywa, akasema ongeza. Raundi mbili tu. Kuna methali moja inaanza na chelewa chelewa. Wote tunaijua, tulifundishwa darasa la pili. Asubuhi ile tulitaja methali zote za nchi hii isipokuwa hiyo.

Saa tatu na nusu ilipita. Saa tatu na dakika arobaini Suzana akanyanyuka, akaangalia barabara ya kwenda getini, akaangalia birika. Akakaa. Akavua kiatu kimoja akakung'uta mchanga, ingawa sikuuona huo mchanga. Akakivaa.

Saa nne na dakika kumi na mbili nilisikia injini. Sikuhitaji simu. Injini moja, ile ya kukereza kidogo. Kawaida ndege inaruka kuelekea upande wa pili, lakini siku hiyo upepo ulikuwa unatoka ziwani, kwa hiyo ilikuja kwetu. Ilipita juu yetu, nyeupe, na mstari wa buluu tumboni. Vikombe vikatetemeka kwenye ubao. Suzana hakuinua uso. Alikuwa anatazama moto.

Ndege ikawa ndogo juu ya maji, ikakunja kulia kuelekea Musoma, ikapotea.

Ndipo Tani Mbili akachukua kikombe chake akakinywa chote. Akakinyoosha. Suzana akammiminia. Akanywa. Katekista naye. Gia Tano naye, akaungua mdomo, akakaza. Mimi nikaondoa kiganja. Tuliona aibu, na aibu ikatufanya tunywe kama ng'ombe waliofika mtoni. Kahawa iliyotushinda kwa saa mbili na nusu tuliimaliza kwa dakika tano. Suzana akaliinamisha birika, likatoa tone, kisha halikutoa kitu.

Kazi ilikuwa imekwisha na angeweza kwenda nyumbani. Hakwenda. Akaanza kuosha vikombe, akaviosha mara mbili. Nasi hatukwenda, kwa sababu kumwacha peke yake kulikuwa kubaya zaidi. Tukakaa mpaka saa sita, watu wazima wanne kwenye benchi bila kahawa na bila maneno. Upepo ulikuwa umeshageuka, ndege ile ikarudi kutokea ziwani, ikapita juu yetu, tumbo lile lile, ikatua.

Baada ya nusu saa akaja mwanamume mrefu mwenye shati jeupe na mistari ya dhahabu mabegani, amebeba chupa ya chai tupu mkononi. Hatukuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

Nestory: Habari zenu wazee. Shikamoo mzee.

Gia Tano: Marahaba. Karibu... karibu kiti.

Nestory: Nimesimama tu, wananisubiri. Dada Suzana, mbona hukuja? Nimekungoja dakika kumi na mbili. Nimezima, nimewasha. Nikasema labda kuna mgonjwa, labda msiba. Kiti kimekwenda kitupu na kimerudi kitupu.

Suzana: Samahani, Kapteni. Nilikuwa na wateja.

Nestory akatugeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anashangaa tu, kama mgeni anavyoshangaa.

Nestory: Maana wakati natua nimewaona. Watu watano na moshi. Nimeruka saa nne mko hivyo hivyo, nimerudi saa sita mko hivyo hivyo. Mlikuwa mnafanya nini?

Gia Tano akatazama fimbo yake. Katekista alikohoa, akatafuta andiko, halikuja. Tani Mbili alifungua mdomo akaufunga. Mimi Rada, mwenye takwimu zote, nilitazama kikombe changu kilichooshwa.

Suzana: Kapteni, huo moshi umeuona kweli?

Nestory: Moshi wako? Nauona kila siku. Kabla sijaiona hata lami nauona huo. Ndio unaniambia upepo unatoka wapi. Miaka sita natua kwa moshi wako, dada, nilidhani nimeshakuambia.

Suzana alichukua ncha ya kile kilemba akajifuta uso, na kwa kuwa moto ulikuwa umeshazimika hakuweza kusingizia moshi.

Nestory: Nilitaka uuone mwenyewe. Uko mdogo kutoka kule, kama uzi, lakini unaonekana. Basi. Nijazie ya mwisho nikaondoke nayo, nitaikumbuka.

Akamnyooshea ile chupa ya chai. Suzana akalinyanyua birika, nadhani kwa mazoea tu, akaliinamisha juu ya chupa. Tulisubiri wote. Halikutoa kitu.

Suzana: Imeisha, Kapteni. Wameimaliza.

Nestory akaifunga chupa yake. Akamshika Suzana mkono kwa mikono yake miwili, akatuaga sote kwa adabu, mmoja mmoja, akaondoka kuelekea getini.

Gia Tano akasema mgongo unamuuma, akaenda. Katekista akakumbuka kuna kichwa kinamsubiri Kiseke. Tani Mbili akambebea Suzana kuni zilizobaki mpaka kwenye kibanda anakozihifadhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikabaki mimi. Suzana alikuwa amevua vile viatu vya kufunika, amevifunga kwenye mfuko, amevaa ndala.

Mimi: Dada Suzana. Sikiliza. Kesho birika niachie mimi. Nitamimina. Kiapo nitakivunja mimi mwenyewe, na akikasirika mtu akasirike na mimi. Wewe nenda tu.

Aliweka birika kichwani, akalisawazisha, akanitazama. Hakuwa amenuna. Ingekuwa afadhali angenuna.

Suzana: Kesho nende na nani, Obedi?